Siku yangu moja Lamu: mahamri asubuhi, vyuma jioni

Saa kumi alfajiri. Unga niliokanda jana usiku umeumuka hadi umeinua kitambaa. Kabla sijaugusa nakagua viganja kwa mwanga wa simu: sugu nne kulia, tatu kushoto, hakuna iliyochanika. Alhamdulillahi. Sugu ikichanika sikandi, na nisipokanda nyumba haina siku.

Saa kumi na mbili na nusu niko barazani Langoni na beseni la mahamri na sufuria ya mbaazi. Wapagazi wanaoelekea gatini huniita Mama Vyuma, kisha wanakopa.

Saa nne nimemaliza. Nalala hadi adhuhuri, wala sioni haya.

Saa kumi jioni, uani. Mtaimbo wangu wa kunyanyulia uzito ulitoka hoteli moja Mombasa, ukavushwa kwa boti kutoka Mokowe, ukamalizia safari juu ya punda ambaye hadi leo akiniona hulaza masikio. Ni mtaimbo wa wanaume, kilo 20, unene milimita 28. Wa mashindano ya wanawake ni kilo 15 na milimita 25. Milimita tatu ni kitu gani? Jaribu kufungia kidole gumba chini ya vidole vingine, tunavyoshika sisi, ndipo utajua.

Sahani, yaani vyuma vya uzito vya kuvishwa ncha zake mbili, kwangu ni saruji tuliyomwaga kwenye madebe ya rangi. Siku tulipozipeleka kwenye mizani ya muuza samaki, moja tuliyoiandika 10 ikasoma kilo 11 na robo. Miezi miwili nilikuwa najilaumu kwamba mkono wa kushoto ni mvivu!

Na chaki, nayo ina kisa chake. Mwanzoni nilijipaka chokaa, kwa kuwa Lamu chokaa si haba. Ikaniunguza viganja, mama akakanda peke yake wiki nzima huku akininunia. Chaki ya wanyanyuaji ni magnesi kaboneti, haina ukali. Chokaa ikikutana na jasho ni moto.

Leo ni kunyakua: chini hadi juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja. Nimevaa suruali ndefu, fulana ya mikono mirefu inayobana, na mtandio. Lazima ibane, mwamuzi aone kiwiko kimenyooka. Vazi hili lilianza kuruhusiwa kwenye mashindano ya kimataifa mwaka 2011, baada ya mnyanyuaji Mmarekani Kulsoom Abdullah kulidai. Miaka mitano baadaye Sara Ahmed wa Misri akachukua shaba ya Olimpiki Rio akiwa na hijabu. Picha yake nimeibandika ndani ya mlango wa kabati.

Kilo 50 zimepanda. Kilo 55 nimezijaribu mara tatu, zote zimeishia mchangani, na sahani moja imepata ufa. Kaka yangu, anayeshika simu, ananikumbusha Hidilyn Diaz wa Ufilipino: korona ilimkwamisha Malaysia, akanyanyua mwanzi uliotundikwa chupa za maji, na 2021 kule Tokyo akasukuma kilo 127 akaipa nchi yake dhahabu ya kwanza ya Olimpiki. Namjibu kwamba Hidilyn alikuwa na kocha kutoka China kando yake. Mimi kocha wangu yuko Mombasa, ndani ya simu. Tunamtumia video. Anajibu kabla ya magharibi: "Viwiko safi. Unachelewa kuingia chini ya chuma." Naitazama tena mara sita. Kweli, nimesimama kama niliyesahau kilichonileta.

Saa tatu usiku nimekaa na jiwe la kusugulia miguu, nalainisha sugu hadi ziwe bapa. Ikiinuka ukingo tu, mtaimbo huinasa na kuibandua na ngozi yake. Naosha mikono kwa sabuni mara mbili. Mama ameshakuna nazi na kuponda iliki, yuko mlangoni na kibaba.

"Kesho kilo ngapi?"

"Hamsini na tano, Mama. Tena."

"Unga, mwanangu."

"Nne."