Moto wa mafundi na tarumbeta la saa tatu usiku

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Mageti, madirisha, mapaa ya maghala, hayo ndiyo yanayonilisha. Jioni ni mwanakwaya, sauti ya tatu, na kwaya ndiyo iliyonifikisha Hamburg kiangazi cha 2013. Usharika mmoja wa kule ulikuwa na urafiki wa miaka mingi na usharika wetu wa Dar es Salaam. Walitualika, wakatugawa wawili wawili majumbani mwao, wakatulisha viazi kwa kila namna ambayo kiazi kinaweza kupikwa.

Mwenyeji aliyetuzungusha mjini alikuwa mchungaji mstaafu aliyewahi kutumika Tanzania. Kiswahili chake kilikuwa cha nyanda za juu kusini kabisa, na kila asubuhi alisubiri shikamoo yake kabla ya kusema lolote. Siku ya kwenda Kanisa la Mtakatifu Mikaeli alinishika bega akaniambia, “Fundi, leo nakupeleka kwenye kanisa lililounguzwa na wenzako.”

Nilidhani ni utani.

Picha niliyokuwa nayo kichwani ilikuwa ya Azania Front, kanisa letu la Dar es Salaam: kuta nyeupe, vigae vyekundu, mnara wa kiasi chake ukitazama bandari. Kanisa lile nalo lilijengwa na Wajerumani, zama zile ambazo meli za kampuni ya Hamburg zilikuwa zikija pwani yetu. Kwa hiyo nilitegemea kitu cha namna hiyo, ila kikubwa. Nikakuta jengo la matofali ya rangi ya damu ya mzee, na juu yake mnara wa mita 132 uliovikwa shaba iliyokwisha kugeuka kijani. Uso wa saa yake una upana wa mita 8. Wenyeji hawalitaji kwa jina lake lote. Husema Michel tu, kama mtu anayemwita jirani aliyekua naye. Juu ya mlango mkubwa yupo malaika mkuu wa shaba, amemkanyaga shetani, mkuki mkononi.

Ndani ndiko nilikoduwaa. Sisi Walutheri tumezoea kusema kanisa letu halina makuu. Lile ni jeupe na dhahabu kila upande, roshani zake zimepinda kwa ulaini kuzunguka ukumbi, hakuna kona kali wala nguzo inayokuziba usimwone mhubiri. Linakalisha watu 2,500. Mama mmoja wa sauti ya pili alitazama madhabahu kwa muda, akanong'ona, “Hapa sadaka ya ujenzi ilichangwa kwelikweli.” Mchungaji alimsikia. Akatueleza kwamba sehemu ya fedha ilitoka chini ya miguu yetu, maana wajenzi waliuza makaburi katika vyumba vya chini ya sakafu. Watu zaidi ya 2,000 walizikwa humo, na miongoni mwao mtunzi wa muziki Carl Philipp Emanuel Bach, mtoto wa yule Bach ambaye kwaya zote zinamjua.

Ndipo akaanza kisa chake. Kanisa la kwanza lilikamilika karne ya 17, likapigwa na radi mwaka 1750, likateketea. La pili lilijengwa na Johann Leonhard Prey pamoja na Ernst Georg Sonnin, likawekwa wakfu 1762, na Sonnin akamalizia mnara 1786. Mnara ule ulikuwa wa mbao, umefunikwa shaba. Ukasimama miaka mia moja na ishirini. Tarehe 3 Julai 1906 mafundi walikuwa juu huko wakilehemu. Mbao zikashika moto.

Hapo wenzangu waliendelea kupiga picha, lakini mimi nilisimama. Kila aliyewahi kushika kazi hii anajua kwamba cheche haiwaki pale inapodondokea. Inajificha ufani, wewe unashuka kunywa chai, ndipo unasikia harufu. Karakanani kwangu ndoo ya mchanga haikosi, na kijana anayeitumia kuzimia sigara ananijua. Sasa fikiria mbao zilizokauka kwa zaidi ya karne, juu angani, na upepo wa mtoni. Mlinzi wa mnara alipeleka taarifa kwa telegrafu kwamba kanisa linaungua. Yeye mwenyewe hakushuka tena. Mnara uliporomoka, paa nalo likaenda, zikabaki kuta.

Walijenga upya kwa sura ileile, wakalifungua 1912, lakini safari hii mifupa ya mnara ikawa ya chuma. Hilo nililitaka nilione kwa macho. Kuna lifti, nami nikaikataa, nikapanda ngazi zaidi ya 450 huku wenzangu wakinipungia kupitia kwenye wavu. Vyuma viko wazi pembeni ya ngazi. Hakuna mshono hata mmoja wa kuchomelea. Ni ribiti tupu, yaani misumari minene ya kuunganishia vyuma, safu kwa safu, vichwa vyake vya mviringo vimepakwa rangi mara nyingi hata vimekuwa kama vimevimba. Nilipitisha kidole juu ya kadhaa. Bomu la vita vya pili lililiumiza kanisa lakini mnara haukuanguka, na kwa kazi ile siwezi kushangaa.

Tulipokula jioni mchungaji akatuzuia kuondoka. Saa tatu kasoro usiku, jua bado lipo, tukasimama uwanjani tukitazama juu. Saa ilipogonga, dirisha moja mnarani likafunguka, tarumbeta likatoka, kisha wimbo. Kazi hiyo ina zaidi ya miaka 300 pale: asubuhi na usiku, Jumapili adhuhuri, pande zote nne za dunia.

Ulikuwa wimbo wa shukrani tunaoujua toka utotoni. Mmoja wetu alikulia kwenye matarumbeta ya usharika huko Kilimanjaro. Akautambua kwa sauti mbili za kwanza, akaanza kuimba kwa Kiswahili, nasi tukadaka. Mpigaji akahamia dirisha jingine. Nasi tukahama, mbiombio, kina mama wameshika kanga, tukilizunguka kanisa kufuata sauti, ubeti mmoja kila upande. Vijana waliokuwa wamekaa na baiskeli zao wakaanza kutufuata nyuma bila kujua tunakokwenda.

Upande wa nne tulifika tukihema. Mpigaji alipomaliza, alichungulia chini, akapunga mkono. Watu wakapiga makofi. Mwalimu wetu wa kwaya alisubiri makofi yaishe, akatugeukia, akasema sauti ya tatu walichelewa kuingia ubeti wa pili na wa nne, mazoezi ni kesho saa mbili kamili asubuhi, na asingependa kumsubiri mtu.