Haya

Neno lenyewe ni "haya". Leo usiku wa nne na halijanitoka.

Mnamjua yule kijana wa Mombasa anayetuongozea mchezo wetu wa kila mwaka hapa London. Jumamosi tunagawana nafasi, nami nasubiri yangu ya mama mwenye nyumba, niliyoishika miaka minne. Akanifikia, akashusha sauti: "Shangazi, safari hii tumekuweka bibi. Hana maneno mengi, ni kukaa tu mkekani."

Nami, mdomo huu unaowasumbua kila wiki, nikasema: "Haya, mwanangu."

Mama mwenye nyumba kapewa msichana ambaye hata kujifunga leso hajui.

Wiki hii nimehamishiwa zamu za usiku, mwanangu wa kwanza kapata kazi Leeds, na shemeji tumemzika kwa simu ya video, lakini nikikaa tu, ni Jumamosi tena. Hana maneno mengi. Alitabasamu aliposema? Nadhani alitabasamu. Kwa nini sikumuuliza, "Kwani nimekosea wapi?" Haya ya kukubali na haya ya kuona haya zilinitoka kwa pumzi moja.

Jana alfajiri basi likapita Charing Cross Road, mbele ya ukumbi wa Garrick. Mwaka 2015 Baba Watoto alininunulia tiketi pale, kiti cha nyuma ya nguzo (bei yake ndiyo ilimvutia), nimwone Judi Dench, yule mwigizaji mkongwe wa Uingereza, katika The Winter's Tale, mchezo wa Shakespeare. Mle mna malkia anayedhaniwa amekufa. Baada ya miaka 16 anaonyeshwa kama sanamu, kisha sanamu inatikisika. Mwaka 1969 Dench mwenyewe ndiye alikuwa malkia, na binti wa malkia pia, wote wawili katika mchezo mmoja. Pale Garrick alikuwa Paulina, mwanamke anayefunua pazia. Alikuwa na miaka 80 na ushei, kimo chake kifupi, sauti ina mkwaruzo. Kila mtu akatazama sanamu. Mimi shingo niliipinda nguzoni nikimtazama yeye, anavyongoja.

Paulina huyo alimpa Dench tuzo ya Olivier, ile kubwa ya michezo ya jukwaani hapa London, ya nane. Na ile Oscar yake ya 1999, ya kuigiza Malkia Elizabeth katika filamu ya Shakespeare in Love? Dakika 8 hivi kwenye skrini. Maneno mengi ya nini?

Abiria wa pembeni alinigeukia, maana nilicheka kwa sauti.

Dench macho hayamruhusu tena kusoma, watu humsomea maneno yake akayashika kwa sikio. Basi jana jioni nikamwita kitindamimba wangu jikoni anisomee ya bibi. Sentensi nne! Ya tatu ni "Fungeni mlango, upepo unaingia." Nikaisema kwa hasira, nikaisema kwa usingizi, nikaisema kama mtu aliyemwona marehemu mumewe kizingitini. Ile ya mwisho, mtoto aliacha kusoma akageuka kutazama mlango.

Kijana wa Mombasa ajiandae.

Ila mama yangu kule Tanga hapokei simu tangu juzi. Dada anasema ni chaji tu. Chaji gani ya siku tatu?