Krismasi yangu ya kwanza nikiwa inchaji wa wodi

Mliowahi kufanya kazi wodini Moshi mnaijua Desemba. Mabasi ya Dar yanashusha watu usiku na mchana, Wachaga wote wanarudi nyumbani, na kila nesi tarehe 25 anataka awe kwao Marangu, Kibosho au Rombo. Mgonjwa naye hana likizo.

Mwaka wangu wa kwanza nilijifungia ofisini siku mbili nikapanga rosta, yaani ratiba ya zamu, peke yangu, nikaibandika Ijumaa jioni afu nikaondoka haraka (naona aibu hata kuandika). Jumatatu nakuta mtu kachukua peni nyekundu kazungushia duara mstari wangu mimi, tarehe 24, 25, 26: OFU OFU OFU. Hakuandika neno lolote, duara tu.

Krismasi yenyewe wawili wa naiti wakaleta ED (karatasi ya daktari ya kupumzishwa kazi), eti wanaumwa. Saa nne usiku napigiwa simu niko Machame kisusio, ile supu yetu ya damu ya mbuzi, kiko mkononi, nashuka mjini nakuta binti mmoja na mhudumu mmoja kwa wagonjwa 28. Alikuwa anabadilisha dripu huku machozi yanamtoka, hakunisalimia na sikumlaumu, nikavaa gloves nikaanza kitanda cha mwisho tukakutana katikati.

Ningeweza kuwaandikia barua wale wawili, na matroni alitaka hivyo. Ila nilijua ile rosta ilikuwa mbovu, so Januari nikaanza kunywa nao chai ya saa nne, mmoja mmoja, sio ofisini maana ofisini kwangu watu wanajibu "sawa sista" tu basi. Mmoja akaniambia, "Sista wewe ukibandika karatasi unakimbia." Mwingine, Muislamu, akasema miaka sita amefanya Krismasi zote na hajawahi kulalamika, lakini yeye akiomba Idd anaambiwa mwezi haujaandama hatuwezi kupanga. Hilo liliniuma kuliko yote, maana na mimi nilishawahi kumjibu hivyohivyo.

Oktoba iliyofuata nikabandika rosta tupu chumba cha chai na penseli nimeifunga kwa uzi wa bandeji. Masharti machache tu: kila zamu iwe na mtu mzoefu, hakuna kutoka naiti ukaunganisha asubuhi, ukifanya Krismasi mwaka mpya unapumzika, anayeomba Idd anaachiwa siku mbili ndo tunasubiri mwezi. Mjamzito aliyebakiza miezi miwili usiku hapangwi, hilo hata sheria ya ajira ya 2004 inasema. Afu nikaandika jina langu la kwanza kabisa, naiti ya tarehe 24.

Msidhani ilikuwa raha. Wiki mbili ni kelele tupu, kuna dada kajiandikia ofu siku kumi na moja, mimi nikanyamaza kimya, wenzake ndo wakamkalisha chini na jioni kafuta saba mwenyewe. Naiti ya tarehe 31 hakuna aliyeitaka mpaka tukapiga kura ya vikaratasi ndani ya lile bakuli la kuwekea sindano (lilikuwa safi jamani). Matroni akaniuliza, "Hivi inchaji ni wewe au wao?" Nikamwomba anipe hio Desemba moja tu.

Usiku wa tarehe 24 tulikuwa watatu kama ilivyoandikwa. Saa tatu hivi yule dada wa Idd, ambaye hakuwa zamu, akamtuma mdogo wake na hotpoti la pilau, tukala kwa zamu nyuma ya kabati la dawa. ED ilikuja moja mwezi mzima, ya mtu aliyekuwa anaumwa kweli, malaria na drip kalazwa wodini kwetu wenyewe.

Mwaka huu rosta iko ukutani tangu wiki iliyopita. Kuna mtu keshajiandikia ofu siku saba, na kwa peni. Nimemfutia kwa whiteout nikamuachia penseli mezani.