Majina ya Kike ya Kiebrania: Nyuki, Mtende na Pembe ya Wanja

Mzazi anayemtafutia binti yake jina la Kiebrania mara nyingi hukutana na orodha ambamo karibu kila jina limepewa maana ya ucha Mungu: hili ni zawadi ya Mungu, lile ni baraka, jingine ni mteule. Ninayapenda sana majina haya, na ndiyo sababu orodha hizo haziniridhishi, kwa maana majina mengi ya wanawake katika Biblia ya Kiebrania yametoka malishoni, mashambani na kwenye vyombo vya manukato. Debora ni nyuki. Raheli ni kondoo jike, na Yakobo alipomwona mara ya kwanza alikuwa akija kisimani na kondoo za baba yake. Sipora, mke wa Musa, ni ndege mdogo, Hadasa, yaani Esta, ni mhadasi, na Tamari ni mtende. Yaeli ni mbuzi-mwitu wa milimani, mwenye pembe ndefu zilizopinda, ambaye hadi leo huonekana kwenye majabali ya Engedi, kando ya Bahari ya Chumvi.

Yeyote anayesoma sura ya 4 ya Waamuzi akizijua maana hizo huona mengi zaidi, kwani Debora anaketi chini ya mtende kuwaamua Waisraeli, na jemadari Sisera, aliyekimbia vitani, anauawa kwa kigingi cha hema na Yaeli, mwanamke ambaye hakuna aliyemdhania.

Hata hivyo, sehemu ninayoipenda kupita zote ni mwisho wa kitabu cha Ayubu. Baada ya mateso yake Ayubu anapata wana saba na binti watatu, na mwandishi hawataji wale wana kwa majina hata mmoja, bali anawataja binti: Yemima, Kezia na Keren-hapuki. Yemima hufasiriwa na wengi kuwa hua. Kezia ni ganda lenye harufu nzuri la jamii ya mdalasini. Keren-hapuki ni pembe ya wanja, yaani chombo cha pembe cha kuhifadhia wanja wa machoni, na sidhani msomaji wa pwani yetu, aliyekua akiona wanja na mdalasini nyumbani, anahitaji kuelezwa uzuri wa jina hilo. Mara tu baada ya kuwataja, kitabu kinasema kwamba baba yao aliwapa urithi pamoja na ndugu zao wa kiume.

Jina na urithi vinakutana tena katika Hesabu sura ya 27, pale binti watano wa Selofehadi, ambao ni Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, wanaposimama mbele ya Musa kudai sehemu ya baba yao aliyefariki bila kuacha mtoto wa kiume, na dai lao likakubaliwa. Hogla hufasiriwa kuwa kware, Milka linatokana na mzizi uleule wa Kisemiti uliotupatia malkia, na Tirsa ni mwenye kupendeza. Majina yao yote matano yanarudiwa tena katika Hesabu na katika Yoshua, ilhali mke wa Nuhu, mke wa Lutu na binti wa Yeftha hawakupewa jina hata mara moja. Kwa hiyo ninawasihi wazazi wasiishie kwenye maana peke yake, bali wasome pia habari za mwanamke aliyelibeba jina hilo. Naomi ni jina la upendezi, lakini mwenyewe, baada ya kufiwa na mume na wana wawili, aliwaambia wanawake wa Bethlehemu wamwite Mara, yaani chungu.

Majina yanayomtaja Mungu yapo, na ni mazuri pia: Yokebedi, mama yake Musa, huhusishwa na utukufu wa Bwana, na Elisheba, mke wa Haruni, hufasiriwa kuwa Mungu wangu ni kiapo, nalo ndilo lililotuletea Elizabeti. Hana ni neema. Kuhusu Miriamu, wataalamu hawajakubaliana, na wapo wanaolitafutia asili katika lugha ya Misri ya kale, hivyo anayeliandikia maana moja kwa uhakika anawapa wasomaji wake zaidi ya kinachojulikana.

Afrika Mashariki majina haya yalitufikia kwa njia mbili. Waislamu wa pwani waliyapokea kupitia Kiarabu, na ndiyo maana tuna kina Hawa, Sara na Mariamu, kisha misheni za Kikristo zikaja na kina Eva, Rebeka na Mary. Biblia ya Kiswahili yenyewe ililichukua Hawa lilivyokuwa midomoni mwa watu, na kwa Kiebrania jina hilo linahusishwa na uhai.

Kiebrania kilipofufuliwa kuwa lugha ya mazungumzo, kuanzia mwisho wa karne ya 19, wazazi walitunga majina mapya wakifuata desturi ileile ya kale ya kutazama yaliyowazunguka: Ilana ni mti, Tal ni umande, Maayan ni chemchemi, Shira ni wimbo, na Vered ni ndugu wa waridi letu. Ya kale nayo yamerudi kwa nguvu, na Tamari na Noa yanapendwa sana katika Israeli ya leo. Atakayemwita bintiye Noa ajiandae kuulizwa kwa nini amempa jina la Nuhu, naye anaweza kujibu bila wasiwasi kwamba majina hayo mawili huandikwa kwa herufi tofauti katika Kiebrania, kwamba la Nuhu linahusiana na pumziko na la Noa na mwendo, na kwamba la pili ni la mmoja wa wale dada watano waliodai ardhi ya baba yao.