Siku moja maishani mwangu: mchoraji wa udongo, Tanga

Saa 12 asubuhi niko kwenye daladala ya Muheza na ndoo yangu na kijiko cha mwashi. Udongo mwekundu mzuri uko pale kando ya barabara ukingo ulipokatwa, unaona kabisa tabaka, juu mweusi, katikati wekundu, chini kuna njano kidogo. Bodaboda mmoja akasimama kunishangaa, "dada hiyo ya kujengea au una mimba?" Nikamwambia ya kuchorea, akacheka akawasha pikipiki yake akaondoka.

Saa 4 niko nyumbani Chumbageni natwanga. Hapa ndo kazi yenyewe na sipendi kuharakishwa: natwanga, nachekecha, namwaga kwenye ndoo ya maji nakoroga, nasubiri kidogo mchanga uzame afu yale maji yenye rangi namimina kwenye beseni lingine, na hilo beseni linakaa mpaka maji yawe meupe juu na chini kubaki tope laini kama mtindi. Wekundu wote ule ni chuma tu kilichoshika kutu. Njano nayo ukiikaanga kwenye chuma cha chapati inageuka nyekundu mbele ya macho yako, yani hata nikifanya kila wiki bado naita watoto wa jirani waje waone.

Watu wananiambia si utumie mzingefuri (zile mbegu za rangi nyekundu) au manjano ya jikoni, rahisi. Zinapauka bana, jua kidogo tu kwishnei. Michoro ya miambani Kondoa imechorwa sana kwa udongo mwekundu na mpaka leo ipo, UNESCO wakaiweka kwenye urithi wa dunia 2006.

Saa 7, wali maharage.

Saa 8 mteja kapiga, anataka picha ya bahari ya Raskazone, na anataka bluu. Sasa bluu naitoa wapi, udongo wa huku hauna! Nikamwambia nitakuchorea maji yakiwa yametoka.

Kwa hiyo saa 10 niko ufukweni maji yametoka, nachanganya tope na gundi ya mgunga (ikizidi tu rangi inapasuka), brashi ni nyuzi za mkonge nilizofunga mwenyewe, nyeusi ya makaa, nyeupe chokaa. Na kusema kweli maji yakitoka ile bahari yote ni kahawia na kijivu, sijui nani alituambia lazima iwe bluu.

Saa 1 usiku namtumia picha wasap. Kajibu: "kali, ila fremu iwe nyeusi."