Nilivyowaandaa mameneja wa Asia kuongoza nje ya kwao

Nilihamia Singapore kusimamia uandaaji wa viongozi katika kampuni ya usafirishaji mizigo yenye makao makuu Ulaya. Nilikabidhiwa mafaili ya mameneja waliotajwa kuwa wanafaa kupanda: Wajapani, Wathai, Waindonesia, Wahindi. Karibu kila tathmini ilisema yaleyale: mchapakazi, matokeo mazuri, ila mkutanini hasikiki. Kwa neno hilo la mwisho, nafasi za kuongoza nchi nyingine zilikwenda kwa wengine, na mameneja hawa wakapelekwa warsha ya kuzungumza kwa kujiamini.

Niliomba kwanza nihudhurie hiyo mikutano. Majira ya kiangazi ilianza saa nane mchana London, yaani saa tatu usiku Singapore na saa nne Tokyo. Mwenyekiti anauliza, "Kuna maoni?", anavuta pumzi moja, anasonga mbele. Meneja mmoja wa Osaka, mama mtulivu sana, alifungua kipaza sauti chake akakifunga bila kusema kitu. Baadaye nikampigia. Akanieleza kwamba shehena kubwa imepangwa kufika katikati ya Agosti, wakati wa Obon, Wajapani wanaporudi makwao kuwakumbuka wazee wao na viwanda vingi vikiwa vimefungwa. Nani angeipokea?

Katika kampuni nyingi za Kijapani, jambo huzungushwa kwanza kwa wahusika mmoja mmoja, na kikao huja kuthibitisha yaliyokwisha kukubaliwa. Kumpinga mkubwa mbele za watu ni kumvunjia heshima. Mtu aliyelelewa hivyo humbadilishi kwa warsha, na sioni kwa nini abadilishwe wakati anachokijua ndicho kampuni inachokihitaji.

Nikaenda kwa mwenyekiti na ile ratiba ya Agosti mkononi. Mwanzoni aliona nawadekeza. Alipoisoma, alikubali makabrasha yatumwe siku mbili kabla, kila nchi ipewe ajenda yake ya kufungua, na saa za kikao zizunguke ili Ulaya nao waamke alfajiri. Kwenye fomu ya tathmini tukaondoa swali la kusikika, tukauliza ni uamuzi gani ulibadilika kwa sababu ya mtu huyu.

Watu hunitajia Satya Nadella, mzaliwa wa India aliyefika kuiongoza Microsoft, kwamba Waasia wameshafika. Nadella alikuwa ndani ya Microsoft tangu 1992 kabla ya kukabidhiwa usukani 2014. Wangu walikuwa mbali na makao makuu, hakuna aliyewajua. Samsung, tangu 1990, huwatuma vijana wake nchi za nje mwaka mzima wajifunze lugha na maisha ya huko, bila majukumu ya ofisi. Sisi bajeti haikuruhusu, kwa hiyo niliomba kazi kamili: kitengo chenye bajeti na wafanyakazi wake, kwa miaka miwili. Pamoja nayo, kila mmoja apate mkubwa wa kumtetea makao makuu. Hili nalipa uzito kuliko yote, kwa sababu majina hupita au huanguka katika vikao ambavyo mwenyewe hayumo.

Yule mama wa Osaka akapelekwa Rotterdam, Uholanzi. Muda si mrefu msimamizi wa zamu akamwambia mbele ya wote kwamba ratiba yake haiwezekani. Usiku akanipigia: "Huyu ananidharau?" Nikamwambia Waholanzi husema hivyo hata kwa wanayemheshimu, amuulize sababu palepale. Kesho yake alimuuliza, na yule bwana akamchorea ubaoni jinsi malori yangefika kabla kreni hazijamaliza kupakua meli. Ratiba ikarekebishwa. Mwenyewe hakuacha desturi yake ya kuwapitia watu mmoja mmoja kabla ya kikao cha Jumatatu, na kikao chenyewe kikawa kifupi.

Kilichobaki kunisumbua ni kurudi. Wengi humaliza muda wao nje wakakuta kiti kimekaliwa, wakahamia kwa washindani. Siku hizi sisaini barua ya kumtuma mtu kabla cheo atakachorudia hakijaandikwa humo.