Maji ya kisima Tabora: jinsi ya kuchukua sampuli isiyodanganya

Maji ya kisima yakipelekwa maabara kwenye chupa ya soda iliyosuuzwa, majibu yatakayotoka ni ya chupa, si ya kisima. Kipimo huharibikia mikononi mwa anayechota kabla maabara haijagusa kitu.

Zinahitajika chupa mbili. Ya bakteria hutolewa na maabara ikiwa imetakaswa, na HAISUUZWI. Ya kemikali, lita moja ya plastiki, husuuzwa mara tatu kwa maji yaleyale ya kisima. Watu wengi hugeuza mambo hayo mawili.

Kama ni pampu, futa mdomo wake, pampu dakika tano hivi ili maji yaliyolala bombani yatoke, zima, kisha unguza mdomo wa chuma kwa pamba iliyolowa spiriti. Wa plastiki usiunguze, upanguse kwa spiriti tu. Pampu tena kidogo ndipo ukinge. Kifuniko kishike mkononi kikiangalia chini, usikiweke chini, na usijaze chupa hadi juu: maabara inahitaji nafasi ya kutikisa. Kisima cha wazi hushushiwa chupa iliyofungwa jiwe safi na kamba safi, isiguse kuta wala tope la chini. Ndoo ya mwenye kisima usiitumie; mara nyingi ndiyo chafu kuliko maji.

Kama kisima kimetiwa klorini, omba chupa yenye thayosalfeti ya sodiamu. Bila hiyo klorini huendelea kuua bakteria njiani, na kisima kibovu huonekana kizima kwenye karatasi. Sampuli ikae kwenye deli lenye barafu, ifike ndani ya saa 6. Zikizidi 24, tupa uchote upya.

Maabara huchuja mililita 100 na kuotesha bakteria kwa nyuzi 44 takriban siku nzima. Kinachotakiwa ni E. coli, bakteria wa utumbo, sifuri. Hata mmoja maana yake kinyesi kimeingia.

Kipimo cha pili ambacho tusingekiacha mjini ni naitreti, kemikali inayotokana na kinyesi kinapooza. Kwenye mitaa iliyobanana, choo cha shimo na kisima hugawana uwanja mmoja. Mwamba wa huku ni matale (graniti); maji hupita kwenye nyufa zake, kwa hiyo hata mita 30 zinazoshauriwa kati ya choo na kisima si dhamana. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita, na anayeumia kwanza ni mtoto mchanga wa maziwa ya chupa. Kuchemsha hakusaidii: maji hupungua, naitreti inabaki. Floridi nayo, madini yatokayo mwambani, kikomo miligramu 1.5 kwa lita, haiondoki kwa kuchemsha. Ipime angalau mara moja, hasa kisima kirefu.

Pima mwezi wa tisa, kisha rudia mvua zikikolea, Januari au Februari. Kisima kilichopimwa kiangazi tu hakijapimwa, kwani mvua ndiyo inayosukuma uchafu wa vyoo.

E. coli wakionekana, ziba kwanza nyufa za sakafu ya kisima. Halafu weka gramu 75 hivi za klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70 kwa kila mita ya ujazo ya maji, acha usiku kucha, vuta maji hadi harufu iishe. Pima tena baada ya wiki moja. Wakirudi, yaelekea chanzo ni choo, na klorini haitakitibu.